Nilitoboa tetina ili uji upite

Jambo mama,

Mimi ni baba wa mtoto mmoja wa kike, ametimiza miezi sita na wiki mbili. Tunakaa Kadutu, hapa Bukavu. Kazi yangu ni sentineli: nalinda nyumba ya watu kule Muhumba tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, anatoka nyumbani saa moja asubuhi na kurudi saa saba mchana. Saa hizo sita mtoto ni wangu. Akilala nalala, akiamka naamka.

Alikuwa ananyonya tu, bila kitu kingine. Siku ya kupima watoto, muuguzi alimwambia mke wangu: miezi sita imefika, mwanzishieni chakula. Hakueleza zaidi, foleni ilikuwa ndefu. Tukanunua kopo moja la unga wa watoto wa kutoka Ulaya. Likaisha kwa siku nane, na bei yake ilinifanya nikae kimya jioni nzima. Nikasema, basi, nitapika mwenyewe.

Jumatatu nilichemsha viazi viwili, karoti moja na sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, za kujaa kiganja. Nikatwanga kwenye kinu chetu kidogo cha pilipili, ambacho nilikiosha kwanza mara mbili. Kikatoka kitu kizito kama udongo wa kukandika ukuta. Nikaogopa atakabwa. Nikaongeza maji ya bidoni (dumu la maji) mpaka ikawa nyepesi, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina kwenye biberoni, chupa ya kunyonyeshea. Haikupita. Nikapasha sindano kwenye makala (makaa) ya moto, nikatoboa tetina, ile chuchu ya chupa, tundu la pili. Hapo ikapita, tena kwa kasi. Mtoto alikohoa, akalia sana, uso mwekundu, akanitemea yote kwenye shati la kazi. Iliyobaki niliitia kwenye termosi, nikampa tena saa tano. Jumanne na Jumatano aliharisha. Ijumaa akawa sawa.

Sasa mama mkwe amefika kutoka Walungu. Anasema mtoto asiye na meno hali samaki, na yai litamfanya awe mwizi. Apewe maji ya maharagi na uji mwepesi wa muhogo, kwa sababu "unashuka vizuri". Ndicho anachokula tangu wiki iliyopita, na kweli hatemi. Majirani wa parseli wananiita Mama Sentineli. Mixer sina, na umeme unakuja unapotaka wenyewe.

Niendelee kupika, au nikope pesa ninunue kopo lingine? Na nitamwambiaje mama mkwe bila kumkosea heshima?

Baba Sentineli, Kadutu

*

Jambo papa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na kalamu, nikapiga mstari chini ya vitu vinne: kinu cha pilipili, maji ya bidoni, tundu la sindano, termosi. Viazi, karoti na sambaza sikuvigusa. Ulipika chakula kizuri, papa, ukakiharibu kilipokwisha kuiva. Kwa hiyo usikope pesa. Kopo si sumu, lakini hakuna kilichomo ambacho soko la Kadutu haliwezi kukupa.

Tuanze na kinu, maana naona hakuna aliyekuambia. Kinu cha mti hakioshwi pilipili mara mbili, wala mara ishirini. Ukali umeshaingia ndani ya mti, na kila unachotwanga humo kinatoka nao. Mimi niliwahi kutwanga karanga kwenye kinu cha shangazi yangu, mume wangu akaniuliza kwa nini mchuzi unawaka. Sasa fikiria ulimi ambao haujajua kitu zaidi ya maziwa ya mama na uji wa kopo. Yule mtoto hakulilia samaki. Tafuta sahani ya bati na uma, au ponda kwa mgongo wa kijiko. Kwa kiazi kilichoiva vizuri huhitaji mixer.

Maji ya bidoni: hukusema kama yalikuwa yamechemshwa, nami nadhani najua jibu. Chakula ulikiyeyusha kwa maji mabichi, ukakitia kwenye termosi kikiwa vuguvugu, ukangoja. Termosi inahifadhi joto. Ukitia chakula vuguvugu ndani yake, umewatandikia vijidudu kitanda. Ongeza biberoni, chombo ambacho pembe zake hazioshiki hata uwe na brashi, halafu uhesabu kama ni samaki ndiye aliyemharisha mtoto. Siwezi kuapa. Lakini ningekuwa jaji, samaki angekwenda nyumbani.

Termosi usiitupe, ipe kazi nyingine. Ukirudi asubuhi, chemsha maji kwenye mbabula, jiko lako la makala, mpaka yatokote kwa nguvu kwa zaidi ya dakika moja, yatie kwenye termosi iliyooshwa, ufunge. Hayo ndiyo maji ya mtoto kwa asubuhi nzima, na yanakupunguzia makala pia, kwa sababu uji utakaoanza na maji ya moto unaiva upesi. Chakula chenyewe pika kidogo, cha mlo mmoja. Kikibaki, wewe ni mtu mzima umetoka kazini usiku, ukile. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili halafu kikapewa mtoto.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenikalisha kuandika, nalo ni woga wako wa uzito.

Uliona chakula kizito ukaona kifo. Karibu kila mzazi wa mtoto wa kwanza anaona hivyo. Lakini tumbo la mtoto ni dogo: wanaofundisha lishe wanakadiria mililita 30 kwa kila kilo ya mwili. Kama wako ana kilo 7, tumbo lake linabeba kama mililita 210, glasi moja ya kawaida, basi. Ukiijaza kwa uji wa muhogo unaomiminika kama chai, umemjaza maji. Atatulia kwa sababu tumbo limetanuka, atalala, na wewe utasema ameshiba. Baada ya miezi kadhaa utashangaa kwa nini haongezeki kilo. Ndiyo maana uji huo "unashuka vizuri": hauna kitu cha kuuzuia.

Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Inamisha kijiko: ukidondoka polepole kwa mabonge laini, sawa. Ukitiririka, rudisha motoni. Mpe kwa kijiko kidogo, amekaa wima mapajani pako. Siku za kwanza vijiko viwili au vitatu vinatosha, halafu uongeze taratibu mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250. Kati ya miezi sita na minane, Shirika la Afya Duniani linashauri milo miwili hadi mitatu kwa siku, juu ya maziwa ya mama ambayo yanaendelea mpaka miaka miwili na kupita. Kwenu maana yake ni mmoja wako, kama saa tatu asubuhi, na mmoja wa mama yake jioni. Anyonye kabla mama hajatoka na mara tu anaporudi. Kama saa sita zinamshinda mtoto, mama akamue maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko, na yatumike ndani ya saa nne.

Atasukuma chakula nje kwa ulimi. Si kwamba amekataa, anautumia ulimi vile anavyoutumia kwenye titi, hajui njia nyingine. Kikusanye kidevuni, rudisha. Kitu kipya akikitema leo, mpe tena kesho na keshokutwa. Wengine wanakubali mara ya kumi.

Na kukabwa? Ujue tofauti, ndipo utalala. Mtoto anayekohoa, anayetoa sauti, uso mwekundu, anasafisha koo lake mwenyewe, mwache, mtazame. Wa kuogopewa ni anayenyamaza ghafla, hakohoi, halii, midomo inageuka rangi. Huyo mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa chini kuliko makalio, umpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, mgeuze chali, ubonyeze katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili, urudie mgongo, huku mtu mwingine akitafuta pikipiki ya kwenda kwa waganga wa hospitali. Kinachokaba ni karanga nzima, kipande cha karoti mbichi, mwiba. Na ule mfereji uliotoka kwenye tundu lako la pili. Kwa hiyo siku ile hatari haikuwa kwenye uzito.

Kuhusu samaki, mama mkwe anisamehe, lakini hapo nitasimama na wewe. Mtoto anazaliwa na akiba ya chuma aliyoipata tumboni, na akiba hiyo inapungua kufikia miezi sita. Maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo. Kitatoka wapi basi? Kwenye muhogo ni kidogo sana. Kimo kwenye maini, nyama, samaki, na kwa kiasi fulani kwenye maharagi na majani. Sisi wa Bukavu tuna bahati ya sambaza. (Huyu samaki si mzaliwa wa Kivu, alichukuliwa Tanganyika akaletwa ziwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo mtu akikuambia sambaza ni mgeni utamcheka.) Nunua zilizokauka vizuri, zinazovunjika, zisizonuka uozo. Zioshe kwa maji ya moto mchanga utoke, zikaushe tena kwenye sufuria juu ya moto mdogo, uzisage mpaka ziwe unga, uuchunge kwa chekecheo laini. Unga huo haukabi mtu, uwe na meno au usiwe nayo. Kijiko kimoja kidogo kwenye uji kila siku. Uweke kwenye chupa kavu, na usitengeneze mwingi wa kukaa miezi mitatu.

Mayai pia, yaliyoiva kabisa, na kiini na ute. Watoto wangu wanne walikula mayai kabla hawajatambaa, na kitu pekee walichowahi kuiba ni sukari.

Unga wa uji wenyewe, achana na muhogo mtupu. Sina haja ya kukufundisha neno bwaki, ule ugonjwa wa utapiamlo, mtu yeyote aliyekulia Bushi, nchi ya Washi, ameuona: miguu inavimba, ukibonyeza panabaki shimo, nywele zinakuwa nyekundu na nyepesi, mtoto hachezi. Pale hospitali ya Lwiro waganga, yaani madaktari, wamehangaika nayo kwa makumi ya miaka. Mara nyingi ni mtoto aliyekuwa akishiba, ila akishiba bugali na uji wa muhogo siku baada ya siku. Tumia masosoma, yaani mahindi, soja na mtama. Mimi napima vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama, kimoja cha soja. Soja ndiyo yenye shari: ikiwa mbichi inamsumbua tumbo na mwili hauitumii vizuri, kwa hiyo ikaange polepole mpaka ibadilike rangi na nyumba nzima inukie, uipukuse maganda, ndipo uipeleke mulini kusagwa. Ukinunua masosoma iliyokwisha kusagwa, ionje kavu kwenye ulimi. Ikiwa na ladha ya maharagi mabichi, soja haikukaangwa. Mahindi au karanga zilizoota ukungu usichague zilizo nzuri ndani yake, mwaga zote. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kupikwa.

Koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga na maji baridi yaliyochemshwa, kidogo tu, ili usipate madonge. Mimina kikombe cha maji ya moto, weka motoni, koroga bila kuondoka, dakika kumi na tano. Tia unga wa sambaza. Ukiepua, tia kijiko kimoja kidogo cha mawese. Hicho kijiko kidogo kina nguvu kama kijiko kikubwa cha unga, na hakijazi tumbo. Wekundu wake ndio vitamini A, kwa hiyo usiyachemshe kwanza mpaka yageuke meupe kama wanavyofanya kwa kukaanga. Chumvi usitie, sukari usitie. Asali ni mwiko mpaka atimize mwaka, hata tone la kulainisha kikohozi.

Siku nyingine rudia viazi vyako na karoti, au avoka iliyoiva uiponde tu, hiyo haitaki hata moto. Au lenga-lenga (mchicha) zilizochemshwa na kupondwa ndani ya kiazi. Kitu kipya kimoja, ungoje siku mbili tatu, ndipo kingine, ili kikimletea vipele ujue ni kipi. Na maharagi: mama mkwe anampa maji yake, maharagi yenyewe tunakula sisi. Tugeuze. Yaive mpaka yapasuke, uyamenye ngozi kwa vidole, uyaponde.

Sasa yeye mwenyewe, mama mkwe. Usimjie na barua yangu mkononi, tafadhali. Mama aliyelea watoto Walungu hafundishwi uji na mwanamume aliyetoboa tetina. Mpe kazi ambayo yeye anaijua na wewe huijui. Mwambie: "Mama, naomba unioteshee mtama, nataka kimea cha mtoto." Wamama wa vijijini wameotesha mtama kwa ajili ya pombe tangu zamani. Aloweke usiku mmoja, amwage maji, aufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, auanike juani ukauke kabisa, kisha ausugue vichipukizi na vimizizi vyote vitoke, avitupe, kwa sababu humo ndani kuna sumu. Punje zinazobaki zisagwe.

Kimea hicho ni dawa ya ugomvi wenu. Pika uji wako mzito, mzito hasa, mpaka mwiko usimame. Epua, ngoja upoe kiasi kwamba kidole kinavumilia, kwa sababu moto mkali unaua nguvu ya kimea. Koroga kijiko kidogo kimoja, funika, hesabu dakika kumi. Utafunua na kukuta uji umelainika, unateremka kwenye kijiko, na hujaongeza hata tone la maji: unga wote umo. Rudisha motoni utokote dakika chache, umekwisha. Yeye anataka unaoshuka, wewe unataka wenye nguvu, na sufuria ni moja. Akimwona mtoto anaumaliza, atasema ni kimea chake. Mwache aseme, na ukishamwona amefurahi, mwombe akusaidie kusaga sambaza.

Akiharisha tena, aendelee kunyonya, tena zaidi, na kula kidogo kidogo. Mpe maji ya SRO, zile chumvi za kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na uende kituo cha afya wakupe zinki. Inamezwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, anatapika kila kitu au hataki titi, usingoje mke arudi shuleni. Beba mtoto uende. Na kila mwezi mpeleke kwenye kupimwa wewe mwenyewe, ukirudi kazini, foleni ikiwa bado fupi. Wamfunge ule utepe wa kupima unene wa mkono: kijani ni kuanzia sentimita 12.5, njano inaonya, nyekundu ni chini ya 11.5. Uliza swali lako hapo hapo, hata aliye nyuma yako akiguna.

Majirani wanaokuita Mama Sentineli, waitikie. Mmoja wao atakuja kukuomba kimea kabla ya Noeli.

Na ile tetina yenye tundu mbili, itupe leo. Usimpe mtu.